Historia ya Baba Wima, Fundi Aliyemsimamisha Mwanawe

Ndugu, jamaa na majirani, anayewasomea ni binti yangu mkubwa, dada wa marehemu, lakini maneno ni yangu mimi mama yao, kalamu sikufundishwa, nimesema naye akaandika, na nimemwambia asome bila kukokota, kwa sababu mjukuu wangu ana siku ishirini na tatu hajasimama, na mwili wake haujui kama tuko msibani.

Marehemu mwanangu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1983, katika chumba chetu nyuma ya kiwanda cha matofali, akatanguliza makalio, mkunga akasema, "Huyu hana adabu, salamu gani hii?" Alisoma shule ya msingi kuanzia 1991 hadi 1997, hesabu alizipenda, mwandiko wake mwalimu alisema kuku kapita. Tarehe 3 Februari 1999 aliingia karakana ya useremala nyuma ya soko, akaanza kwa kufagia maranda, akafika kwenye vitanda, milango na makabati, pamoja na fundi mwenzake ambaye sote tunamwita Msumari kwa wembamba wake.

Tarehe 18 Agosti 2007 alimwoa mkwe wangu huyu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 2009, na wa kike tarehe 27 Septemba 2013, ambaye alichelewa kulia siku ya kuzaliwa, na baada ya mwaka tukaambiwa ana mtindio wa ubongo, miguu yake ikawa inakaza na kujivuta kama kamba iliyolowa ikakauka.

Hapa lazima niseme, nisiposema nitakosa usingizi. Mimi ndiye niliyekataza asisimamishwe. Mkwe wangu akimwinua nilimpigia kelele, "Mlaze, mifupa ya mtoto laini hiyo!" na akalazwa, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka tarehe 9 Agosti 2018, nikimvalisha suruali, wala sikumvuta, nikasikia kitu kimelia ko, paja limevunjika mikononi mwangu. Mtaani wakamsema mama yake, na mimi nikanyamaza siku mbili nzima, mwanangu nisamehe, mkwe wangu nisamehe mbele ya hawa. Hospitalini daktari wa mazoezi, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa gwaride, akaniambia, "Bibi, hukuvunja wewe, kimevunja kitanda. Mfupa usiobeba uzito unakonda, na msuli usionyooshwa unafupika. Mtoto huyu anatakiwa asimame kila siku, ashikiliwe vizuri, apate jua, maziwa, na samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao."

Mfupa ulipounga na daktari akaruhusu, mwanangu akamtengenezea kisimamio, yaani ubao wa kumshikilia mtoto wima, wenye mikanda ya magotini, nyongani na kifuani, na meza ndogo mbele. Lakini alimpima akiwa amelala, kamnyoosha miguu kama anapima kitanda, basi tulipomsimamisha magoti yakajikunja kidogo kama kawaida yake, ile meza ikamfika puani, mtoto akacheka mpaka udenda. Daktari akasema, "Fundi, huyu si mlango, mpime akiwa wima," na Msumari hakuliachia neno hilo, kila asubuhi "Baba Wima umeamkaje," mpaka wateja wakadhani ndilo jina lake. Akakivunja, akakiunda upya, na kuanzia hapo mtoto akawa anasimama saa nzima kila alasiri karakanani, mkononi kipande cha msasa, anasugua ubao, anadai kazi. Hatembei, wala hatukuahidiwa kutembea, lakini hajavunjika tena. Watoto wengine tisa wa mitaa hii wamesimama kwa mikono ya mwanangu, wazazi wao nawaona hapa.

Alianza kuumwa ini Novemba 2024, akalazwa mara tatu. Tarehe 13 Mei mwaka huu kisimamio kikamkataa mtoto, amerefuka, mkanda wa goti unamkaba chini ya goti. Marehemu akawa ananiuliza kitandani, "Mama, amesimama?" nami namjibu amesimama, ili asihangaike, mpaka siku moja akanitazama, "Anasimamaje, na kile ni kifupi?" Akamwita Msumari akampa vipimo kwa pumzi ndogo aliyokuwa nayo, na mbao ngumu alizozikausha miaka miwili akasema ni za mtoto. Alifariki Jumatatu tarehe 2 Juni 2025, saa tano asubuhi.

Nimesikia minong'ono. Wajomba walitaka mbao zile ziwe jeneza, fundi azikwe kifundi, na Msumari alikuja juzi kuniuliza, "Mama, nikate kipi kwanza, jeneza au kisimamio?" zilitosha kitu kimoja tu. Mimi ndiye niliyejibu. Kwa hiyo mnapoona mwanangu amelazwa kwenye mbao nyepesi, msimlaumu Msumari, msimlaumu mjane, aibu hiyo nimeivaa mwenyewe na inanitosha vizuri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha, mafundi wenzake mliopiga randa mpaka asubuhi ya leo, na daktari wa mazoezi aliyekuja kupima magoti kabla ya kutoa pole. Kina mama mmeniambia nisubiri matanga yaishe, hapana. Kabla hatujamtoa baba yake, mkwe wangu atamfunga mtoto mikanda ya kisimamio kipya hapa mbele yenu, na mtatungoja. Magoti yatatetemeka, ni ya wiki tatu hizo, atalia kidogo, naomba asimkimbilie mtu.

Nenda kapumzike, mwanangu, kwa amani yote.