Bi Kwanini, Aliyeacha Wodi Akasomee Bajeti ya Chanjo

Marehemu dada yetu, tuliyemwita Bi Kwanini, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Jina hilo alilipata mapema: ukimtuma chumvi, alitaka kwanza kujua kwa nini imeisha.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, akaenda sekondari ya bweni, na mwaka 1990 akahitimu uuguzi. Alifanya kazi miaka tisa katika wodi ya watoto. Mwaka 1999 chanjo ya surua ilikosekana kwa miezi minne. Wodi ikafurika, watoto wawili kitanda kimoja, na kumi na mmoja hawakurudi kwao. Wa mwisho alimfia mikononi.

Mwaka uliofuata alipata nafasi ughaibuni ya kusomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii, upande wa sera na fedha. Wauguzi wenzake walimnunia. Mama akamwuliza mbele yetu sote, "Una mikono ya kuponya watu, unakwenda kufanya nini na makaratasi?"

"Mama, kabati likiwa tupu, mikono hii inabaki kumfunika mtoto shuka tu."

Mama hakumsindikiza. Dada alibeba begi lake mwenyewe hadi kituo cha basi.

Alikuwa amechumbiwa na mwalimu mmoja mpole. Mwalimu alingoja mwaka mzima, kisha akamwandikia barua ya adabu sana. Dada hakumlaumu, wala hakuolewa.

Aliporudi mwaka 2002 aliajiriwa wizarani, idara ya mipango. Alipigania fungu la chanjo lisiguswe kila bajeti ilipopunguzwa, na mwaka 2006 likalindwa kisheria. Surua haikuijaza tena ile wodi. Hakuna mzazi aliyekuja kumshukuru. Wenye watoto ambao hawakuugua wangejuaje?

Novemba 2020 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Kliniki alikwenda peke yake. Kwenye simu alituambia, "Msijisumbue, mna kazi." Nasi, tunakiri hapa mbele yenu, tukamsikiliza. Alifariki Jumanne, tarehe 18 Mei 2021, saa tisa alasiri. Aliyemshika mkono ni nesi wa zamu.

Juzi mimi, mdogo wake ninayesoma maneno haya, nilikwenda na Mama kuchukua vitu vyake ofisini. Kabla ya hapo hatukuwa tumewahi kufika huko. Kiti cha wageni bado kilikuwa na nailoni ya dukani.

"Mchana alikuwa anakula na nani?" Mama alimwuliza karani.

"Peke yake, mama."

Mama akaibandua ile nailoni taratibu, akakaa, akakitazama kiti cha mwanawe kilichokuwa mbele yake. Sikumwinua mpaka mlinzi alipokuja kufunga.

Dada ameacha mama, wadogo wawili, na watoto watano wa wadogo zake.

Pumzika, dada yetu. Mungu akupe amani, na akae nawe.