Kikohozi cha Bwana Tone

Kaka yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa tatu wa mfua vyuma na mshonaji. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha pampu, na mwaka 1977 akahitimu chuo cha ufundi. Kiwanda kilekile kikamwajiri, hadi alipofungua karakana yake mwaka 1991.

Mafundi walimwita Bwana Tone, maana hakutoboa chuma kabla ya kukichagulia mafuta. Alumini aliipa mafuta ya taa. Chuma cha kawaida alikipa yale ya kuchanganya na maji, meupe kama maziwa. Chuma kisichoshika kutu alikipa mafuta mazito, na drili akaizungusha polepole. Chuma cha kalibu hakukipa hata tone. Hakuwahi kumgombeza mwanafunzi. Ukishika kopo lisilofaa alikohoa mara moja tu, na mkono wako ulirudi wenyewe.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984. Mfungishaji ndoa alipokosea jina la bibi harusi, bwana harusi alikohoa. Shemeji hucheka hadi leo akikumbuka. Walijaliwa binti mmoja, naye akajifunza ufundi kwa baba yake.

Mwaka jana mapafu yalianza kumsumbua. Wodini hatukujua kikohozi kipi ni ugonjwa na kipi ni onyo, ila muuguzi alipokosea kufunga dripu, tulijua. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Machi mwaka huu, kimya kabisa.

Shemeji alitaka drili iuzwe. Binti hakubisha, kwani aliogopa kuiendesha bila baba yake. Lakini jana mchana kibao cha jeneza, cha chuma kisichoshika kutu, kilihitaji matundu ya skrubu. Tuliingia karakana sisi watatu, tukafunga mlango. Binti, macho yamejaa machozi, akachukua kopo la mafuta meupe.

Nyuma yetu mtu akakohoa. Mara moja.

Tuligeuka. Hapakuwa na mtu.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu. Badilisha mafuta. Na hiyo drili haiuzwi tena."

Akachukua mafuta mazito. Biti ya drili ikazama bila kulia, na kibao ndicho hicho mnachokiona.

Ameacha mjane, binti, na mimi mdogo wake. Apumzike kwa amani kaka yetu, ila tukikosea asione tabu: akohoe.