Bi Myrsini Skufos na Sebule Aliyoirudia

Padri Hrisanthos, majirani wa mtaa wa juu, jamaa mliovuka bahari tangu jana, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika. Maisha haya ya mama yetu Myrsini Skufos yameandikwa na binti yake Hariklia, nami Panayotis, mpwa wa marehemu, nimepewa kuyasoma kwa sababu mwandishi mwenyewe amesema hatafika mwisho bila kulia, na ameniagiza nisiruke kitu, hata pale mtakapomwona ameinamisha kichwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Septemba 1934, hapa hapa Plomari, kisiwani Lesvos, akiwa wa tatu kati ya watoto watano wa mzee Themistoklis, mpika sabuni, na mama Amersuda, akabatizwa kwa jina la bibi mzaa baba, na inasemekana alimlilia padri mpaka kanisa zima likacheka.

Aliingia darasa la kwanza mwezi Septemba 1940, mwezi uliofuata vita vikaingia, shule ikafungwa, na katika baridi ya mwaka 1941, njaa ilipoukamata mji, alimwona mama yake akizitoa sahani zake za harusi moja baada ya nyingine, akizipeleka vijijini na kurudi na maharage, mpaka kabatini pakabaki bakuli moja lenye ufa. Alimaliza shule ya msingi mwezi Juni 1948, akiwa na miaka kumi na mitatu, na tangu hapo hakupenda kuona kitu cha nyumbani kikitolewa nje ya mlango.

Mwaka 1950 aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni kule bandarini, akifunga miche ya sabuni kwa karatasi, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na minane mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1968, kisha akakaa nyumbani akishonea maharusi magauni na kufuma vitambaa, na sidhani kama kuna nyumba katika mtaa huu isiyokuwa na kitambaa chake juu ya redio au juu ya televisheni.

Tarehe 27 Oktoba 1957, siku ya Jumapili, alifunga ndoa na Ignatis Skufos, mpishi wa meli za mizigo, mtu wa maneno machache na mizigo mingi, ambaye kila safari alirudi na kitu: saa ya ukutani kutoka Hamburg, vikombe vyembamba vya Yokohama, redio ya mbao, zulia la kutundika ukutani lenye kulungu watatu wanaokunywa maji. Vitu hivyo vyote vilipangwa sebuleni, pamoja na kabati la vioo, taji zao za ndoa ndani ya sanduku lake, na makochi mawili yaliyovikwa plastiki, mlango ukafungwa kwa ufunguo, na watoto wa nyumba hii wakayajua makochi yale kwa kuyachungulia tu.

Sebule ilifunguliwa kila Pasaka, na kila tarehe 14 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Ignatios, somo wa mumewe, wageni wakaja bila kualikwa kama ilivyo desturi yetu, wakala kijiko kimoja cha matunda yaliyopikwa kwa sukari na kunywa maji, na kila mmoja akaketi mahali pake pale pale kwa zaidi ya miaka arobaini, Bi Pelagia jirani wa mlango wa pili kando ya dirisha, Bwana Vlasis wa mgahawa chini ya saa, na Bi Eftihia, mke wa padri, akilitazama kabati uso kwa uso. Bwana Ignatis alifariki tarehe 3 Februari 2009, na marehemu akaendelea kuifungua sebule kila siku ya somo wake kwa heshima yake.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Dukas, aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 1959, ambaye yuko Melbourne na ameshindwa kupata ndege ya kumfikisha leo, na Hariklia, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1963, mwalimu huko Pirea, na kupitia kwao akapata wajukuu watatu.

Tarehe 21 Novemba 2021 marehemu aliteleza kwenye ngazi za nyumba yake akavunjika nyonga, akatibiwa hospitalini Mitilini, kisha akahamia kwa binti yake Pirea, ambako nimonia ilimkuta na moyo ukadhoofika, na madaktari wakasema asitarajie kuzipanda tena ngazi za Plomari. Hapa ndipo ninapoombwa nisome polepole. Mwezi Aprili 2022, Hariklia aliamini kwamba mama yake hatarudi tena, na alipokubaliana na kaka yake kwa simu kwamba nyumba ipangishwe watalii kuliko kuoza imefungwa, aliagiza ikombwe yote, kuta zipakwe rangi nyeupe, viingizwe vitanda vya chuma, na vitu vya sebuleni vichukuliwe na mnunua makuukuu, yule anayepita na gari lake akitangaza kwa kipaza sauti. Hakumwambia mama yake.

Kila asubuhi marehemu aliuliza kutoka kitandani, "Hari, lini narudi kwangu?" na Hariklia akajibu, "Dari linavuja mama," naye akasema, "Dari alilolipiga baba yako? Halijavuja tangu enzi za wafalme." Wiki nyingine ikawa, "Meli zimegoma mama," naye akauliza, "Zote? Tangu Pasaka?" Mwezi Septemba daktari alimpima moyo, akatabasamu, akasema mgonjwa anaweza kusafiri. Yule mgonjwa alipiga makofi, na binti yake akaenda jikoni kulia.

Siku hiyo hiyo Hariklia alimpigia simu Bi Pelagia na kumweleza yote, akijiandaa kutukanwa, lakini Bi Pelagia akamwambia, "Nyamaza basi, we mtoto. Gari la makuukuu halikupita kona ya duka la mikate, tulilisimamisha. Kabati liko kwangu, nimelitia maharage." Redio ilikuwa kwa Bwana Vlasis, ikiimbia wateja wake, kulungu walikuwa kwa Bi Eftihia pamoja na makochi, na vikombe vya Yokohama vilikuwa vimegawanywa nyumba sita, viwili viwili.

Hariklia alipanda meli akaja, ukuta ukarudishiwa rangi yake ya kijani hafifu, vitu vikapandishwa kwa mikono, ndipo ikajulikana kwamba hakuna anayekumbuka vilikaaje, maana chumba kinachofungwa karibu mwaka mzima hakuna aliyekizoea, na katika picha zote za zamani watu wamesimama mbele ya vyombo. "Kulungu waliangalia mlango," akasema Bwana Vlasis. "Waliniangalia mimi," akasema Bi Eftihia, "miaka arobaini, nisiwajue?" Walibishana mpaka Bi Pelagia akaleta makreti ya mgahawani na kuwaamuru wote waketi, kila mtu pale alipokuwa akiketi siku ya somo, aeleze alichokuwa anakiona. Huyu akakumbuka kioo kilichommulika jua machoni, yule akakumbuka pembe ya meza iliyokuwa ikimgonga goti, na kwa namna hiyo, goti kwa goti, ilipofika jioni ya siku ya tatu sebule ilikuwa imesimama.

Marehemu alifika Jumamosi, tarehe 8 Oktoba 2022, akibebwa na wanaume wanne juu ya kiti, akawekwa katikati ya sebule, akatazama huku na huku kwa muda mrefu, Hariklia akiwa ameshikilia mlango. "Saa bado inachelewa dakika nne," akasema marehemu. "Haya, hapa ni kwangu." Kisha akauliza plastiki ya makochi iko wapi, Bi Eftihia akatazama sakafu, ikabidi akiri kwamba aliitoa mwezi Mei, na marehemu akamjibu, "Afadhali, ilikuwa inanata." Aliagiza kitanda chake kiletwe humo humo, na tangu siku hiyo mlango haukufungwa tena.

Aliishi humo mwaka mmoja na miezi saba, akila dagaa juu ya meza ya wageni na kugombana na redio, lakini Hariklia, aliyerudi kazini Pirea, hakuwa na amani, kwani hakuwahi kuyatamka aliyoyafanya, na aliogopa mama angekufa kabla hajamwomba radhi. Moyo wa marehemu ulipoanza kuchoka mwezi huu, alikuja kumuuguza, na Alhamisi tarehe 16 Mei alipiga magoti kando ya kitanda akamwambia yote.

"Najua," akasema mama yake. "Pelagia alinipigia simu gari bado linapakia, wewe uko kazini. Nikamwambia kabati chukua wewe, redio mpe Vlasis, makochi na kulungu kwa mke wa padri, ana nafasi." Bi Pelagia, tunakuona mstari wa pili, usijifiche. Hariklia akalia, "Sasa mama, miezi yote ile unaniuliza dari, unaniuliza meli, mbona hukusema?" Na marehemu akamshika shavu. "Vyombo nilishaviokoa kwa simu moja," akasema. "Niliyebaki kumngoja ni wewe."

Alifariki Jumapili, tarehe 19 Mei 2024, saa nne asubuhi, sebuleni kwake, dirisha likiwa wazi, binti yake akiwa amemshika mkono, na Hariklia anataka mjue kwamba pamoja na uchungu wote, amelala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mitilini na Pirea, walimu wenzake Hariklia waliomshikia vipindi, akina mama mliobaki wa kiwanda cha sabuni mliomwosha na kumvika, na ninyi majirani, ambao hatuna neno la kuwatosha.

Mama Myrsini, udongo wa Plomari uwe mwepesi juu yako, pumzika kwa amani, uliyekuwa ukimngoja amefika.