Mji Ambamo Eutimio Hatapotea

Jua la Machi pale Villar del Cierzo lina upendeleo wa wazi: linaanza kwenye benchi la mawe lililoegemea ukuta wa kanisa, wengine mtajijua. Ndiyo maana wazee wamelikamata benchi hilo kama mali ya urithi. Práxedes, huyu tunamwita Redio maana hana kitufe cha kuzimia, ndiye analeta chupa ya kahawa ya maziwa. Honorato ni Sajini, ingawa jeshini, jamani, kazi yake ilikuwa kumenya viazi! Asubuhi hiyo katikati yao amejibanza Basilisa, simu kaishika kama yai bichi. Binti wa wakala wa safari atapiga saa sita. Ni ile safari ya wastaafu ambayo serikali inachangia: taja mji, ukisitasita nafasi anapewa mwingine. Na mwisho wa benchi kakaa mumewe, Eutimio, kofia kichwani, mkoba wa mkewe mapajani. Tangu Krismasi kumbukumbu zake zinavuja kama bomba bovu. Daktari alisema: mkitaka kusafiri, iwe mwaka huu.

— Sevilla! Redio akaanza. Machungwa barabarani, farasi, wanaume wanaojua kupiga makofi ya ngoma!

— Wewe unamtafutia Eutimio safari au unajitafutia mume? Sajini akamkata. Sevilla nilipita nikiwa jeshini. Joto lile linapika ubongo. Wangu ulipikwa mwezi mmoja tu, na ona.

— Tunaona, Sajini. Tunaona kila siku.

Wakacheka, Redio mpaka kahawa ikamwagikia aproni. Basilisa alicheka kwa mdomo tu.

— Basi Benidorm, Redio akasema. Hoteli mbele ya bahari, muziki wa kucheza kila jioni.

— Benidorm kuna lifti! Si unamkumbuka yule fundi viatu wa kijiji cha jirani? Aliingia kwenye lifti na pijama, akasahau ghorofa. Akapanda, akashuka, akapanda, akashuka. Wakamtoa wakidhani ni Mjerumani, wakampakia kwenye ndege!

— Mwongo wewe.

— Mpaka leo yuko huko, anakula viazi na soseji.

Basilisa akafumba macho. Akilini alimwona Eutimio ndani ya lifti, mlango unafunguka kwenye korido zinazofanana, na yeye mkewe hayupo kwenye hata moja.

— Santiago je? akauliza taratibu. Ni mji wa watu wa dini.

— Mama yangu! Redio akashika kifua. Si ndiko wanakofika wale mahujaji wenye fimbo? Eutimio akiona mtu mwenye kofia anamfuata. Atawafuata mpaka ardhi iishe!

— Barcelona ndiyo mbaya zaidi, Sajini akasema, macho yamemtoka. Mitaa yote imekatwa sawasawa kama jibini. Unageuka kona, unakuta kona ileile. Kuna watu wanazeeka humo wakitafuta mlango wao.

— Basi mpelekeni kisiwani! Redio akapiga goti. Mallorca! Maji kila upande, atakwenda wapi?

— Majini, mjinga wewe!

Safari hii hakucheka mtu. Basilisa akasema haraka haraka, kama anayetema kitu kichungu:

— Juzi alitoka kutupa taka. Hapo tu, hatua chache. Mtu wa posta akanirudishia kamshika mkono. Hapa kila mtu anajua huyu ni Eutimio wa Basilisa. Huko nani atanirudishia?

Redio akainamisha chupa ya kahawa juu ya kikombe. Tone moja, basi.

Mara honi ikalia, gari la mkate likasimama. Anayeliendesha ni Noelia, binti mgeni. Akashuka na mikate kwapani, kipande kimoja mkononi.

— Habari zenu. Hiki ni cha yule mzee wa kofia, huwa namkatia kila siku. Leo yuko wapi?

Wakageuka wote pamoja. Mwisho wa benchi palikuwa na jua tu.

Simu ikaanza kulia. Redio akakimbilia chemchemi, Sajini akakimbilia barabara ya makaburini, na Basilisa akabaki anaangaza huku na huku mpaka alipoiona kofia ng'ambo ya uwanja, kwenye kituo cha basi. Basi hupita Jumanne. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Akavuka, anahema. Eutimio alikuwa ameuweka mkoba pembeni yake.

— Samahani bibie, hapo nimemwekea nafasi mke wangu.

Basilisa akakaa upande wa pili.

— Mnakwenda wapi?

— San Sebastián. Tulikwenda tulipooana. Mvua wiki nzima, hatukutoka chumbani. Akacheka kile kicheko chake cha zamani, cha kihuni. Hata bahari hatukuiona.

Simu ikalia tena.

— San Sebastián, Basilisa akamwambia binti wa wakala. Watu wawili.

— Bibie, Eutimio akanong'ona, ukimwona mwambie niko hapa. Anaogopa sana, yule. Akiachwa peke yake anaogopa.

— Nitamwambia, Basilisa akasema, akaushika kwa mikono miwili mkono wa koti la mumewe, hakuuachia.