Marehemu wa Wasini

Akina mama wenzangu, salamu zenu zimenifika, nami nazirudisha kwa kila mmoja hapo alipokaa. Mwenyekiti ameniomba niwaeleze nilivyotoka katika aibu yangu. Sitamtaja mtu jina. Wengine wameshatangulia mbele ya haki, na aliye hai ana watoto wasio na kosa.

Mnanijua mtu wa njia. Leo Lunga Lunga, kesho Samburu. Tabia hiyo nilifundishwa na mume wangu wa kwanza, Uhuru ulipokuwa bado mbichi. Alikuwa mtumishi wa hoteli Diani, na huko alikuwa akiwaona Wazungu, mume na mke, wakipita ufukweni na mashanta mgongoni, hawana haraka wala hawajui watalala wapi. Baba alinioza kwake shingo upande. Aliniambia nisirudi kwake ila na mume au na talaka. Mume wangu alicheka tu. "Nchi imekuwa yetu," akaniambia, "kwa nini na sisi tusitembee?" Akapata mashanta mawili makuukuu, tukashika njia ya kusini.

Ndugu zangu, nawaambia, ilikuwa tamu. Ningesema vingine ningewadanganya. Msambweni tulilala kwa watu wasiotujua, tukala muhogo wa nazi. Mguu ukiuma tunakaa, ukipoa tunakwenda. Alinichekesha mpaka nikashika mbavu. Hata leo nikipita njia zile, moyo hurudi nyuma bila kuniuliza.

Tukavuka hadi Wasini. Kwa wasiokijua, kisiwa kile hakina kisima cha maji matamu. Watu hukinga mvua katika mabirika ya mawe, na kiangazi kikikaza huvuka kwenda kuteka Shimoni. Sisi tulifika kiangazi. Mwenyeji wetu, mwanamke mwenye ulimi mkali, alitupa kata ya maji kila mmoja na chumba cha uani. Mume wangu akajinyoosha upenuni, akasema hapa ndipo pa kustarehe, hakuna saa wala kengele.

Siku ya tatu alichukua madebe mawili, akasema anakwenda kuwatekea wenyeji, tusiwe mzigo. Akachukua na shanta lake. Mimi sikujiuliza debe na shanta vina undugu gani.

Madebe yalirudi na mwenye mashua, yamejaa. Mume wangu, tuliambiwa, aliachwa barabarani akipiga mluzi.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mimi nilipewa debe. Kila mashua iliporudi na maji nilikuwa bandarini, nikiyapandisha mjini kichwani. Kwetu siwezi kurudi, kuolewa siwezi, maana sina talaka. Wanawake wakaniuliza, "Mwenzetu, mumeo kaenda kuteka Makka?" Mwengine akajibu, "Mwacheni, anangojea zamzam ijae." Nilicheka nao. Ungefanya nini? Lakini kuna neno lilisemwa mgongoni kwangu nami nikalisikia: "Huyo si mke wa mtu. Mke ana mashahidi, huyo ana shanta." Hilo halikunichekesha.

Mwenyeji wangu hakunibembeleza. Alikuwa akinisukumia sahani na kusema, "Kula. Ukifa itabidi nikuzike kwa sanda yangu, na sina mbili."

Masika ikapita, kiangazi kikarudi. Siku moja nipo bandarini, akashuka mume wangu. Nyuma yake binti, na shanta mgongoni. Mume wangu alikuwa akimwambia kwamba hapa ndipo pa kustarehe, hakuna saa wala kengele.

Bila shaka alidhani nimeshaondoka zamani. Aliniona, akapitisha macho kama juu ya jiwe, akaomba maji. Mwanamke aliyekuwa akinicheka kupita wote akaufunika mtungi wake. Akasema huyu hapewi tone mpaka atoe talaka. Mwalimu wa madrasa alikuwapo, akakataa.

"Mpeni anywe ashibe. Talaka ya kulazimishwa haisihi. Sitaki kesho aseme aliitoa kwa kiu."

Nilimtekea mimi mwenyewe. Alipomaliza, mwalimu akamwuliza kama mimi ni mkewe. Akajifuta mdomo.

"Simjui. Labda tulipishana njiani."

Ndugu zangu, nimezika mtoto tangu siku ile, kwa hiyo najua uchungu ninaoulinganisha. Nilitazama chini. Sikutaka kuona nani ananitazama.

Ndipo yule binti akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza bei, "Lakini baba yangu ulimwambia mkeo alifia Wasini."

Kisha mwenyeji wangu akasema, "Basi marehemu ndiye huyu. Tangu azikwe, ametutekea maji."

Bandari nzima ikacheka, na safari hii si mimi niliyechekwa. Mtu mcheshi huvumilia matusi, kicheko cha wengine hakivumilii. Akapaza sauti mbele ya mwalimu na mwenye mashua: "Haya, mke wangu huyu nimemwacha. Mmetosheka?" Kwa maneno hayo nikawa mke, nikawa huru.

Hawakupewa pa kulala. Binti alipokuwa akipanda mashua, mwalimu alimwuliza kama angependa kubaki. Akamtazama mumewe. Akayatazama madebe yangu. Akapanda.

Nilikaa eda yangu pale, kisha mashahidi wawili wakanifikisha kwa baba. Namshukuru mwenyeji wangu, aliyenilisha bila neno tamu hata moja. Namshukuru mwalimu. Na wale walionicheka nawashukuru pia, kwa sababu siku yangu ilipofika walikuwapo.

Nanyi nawausia: binti akifika kwenu na mume mcheshi, msingoje siku ya tatu. Mwulizeni siku ile ile kwao ni wapi na nani alimwoza, mumewe akisikia. Huo si umbeya. Mimi sikuulizwa na mtu. Yule mwenzangu aliulizwa mguu ukiwa tayari majini. Nimepita miji yote ya njia hii, na kila ninapofika namwulizia. Mpaka leo sijampata aliyemwona.