Jenerali Pemberthy Ashuka Jukwaani

Tarehe 30 Juni 1927, Jenerali Horace Pemberthy anastaafu baada ya kulitumikia jeshi miaka thelathini na minane. Wasifu huu nilikuwa nimeshaumaliza. Ilibidi niuchane niuandike upya, kwa jambo alilotufanyia Siku ya Anzac, ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, hapa Adelaide, Australia, ambalo mpaka leo siliamini.

Alianza kama mpiga tarumbeta. Katika vita vya Makaburu, kule Afrika Kusini, alipotea porini na wenzake, akarudi na kundi la kondoo, akidai ni mateka wa vita. Ofisini alikuwa mkali kama pilipili. Chai ikimfikia imepoa, jengo zima lilijua.

Mwaka 1916, huko Ufaransa, aliamuru kikosi chake kipande kilima mara ya pili, ingawa aliambiwa seng'enge za adui hazijakatwa. Wengi hawakushuka. Tangu hapo, Siku ya Anzac, vikosi vyote vikipita mbele ya jukwaa humgeukia jenerali kumpa heshima, isipokuwa hao waliosalia wa kikosi hicho. Wao hutazama mbele tu, na nafasi za wenzao waliokufa wameziacha wazi mstarini. Sisi maofisa tulijifanya hatuoni.

Mwaka huu hao walipokaribia, Jenerali alivua upanga, akanikabidhi, akashuka ngazi. Akaenda moja kwa moja, akajiingiza kwenye nafasi mojawapo.

"Toka hapo, afande!" Clarrie Noonan, sajenti wao wa zamani ambaye sasa ana bucha, alifoka mbele ya umati. "Hapo pana mwenyewe. Hapo ni pa Bert!"

Hakuna aliyewahi kumfokea Jenerali.

"Basi mimi nikae wapi, Clarrie?" Jenerali aliuliza.

"Nyuma. Nyuma kabisa, baada ya wapishi."

Na akaenda nyuma, baada ya wapishi, akatembea mji mzima akilia waziwazi. Nami nililia palepale jukwaani, nimeshika upanga wa mtu.

Mheshimiwa Jenerali, ahsante kwa yote, hata kwa makaripio. Wewe na mkeo, Mama Edith, tunawaombea afya, furaha na mawaridi ya bustani yenu yasiyoliwa na wadudu. Nilimwomba Noonan naye neno la kukuaga, akakataa. Nilikuwa nimeshafika mlangoni mwa bucha aliponiita.

"Mwambie mwakani awahi," alisema. "Sisi hatusubiri majenerali."