Siku Kumi za Bertrams

Kijiwe chetu kiko Bertrams, chini kidogo ya uwanja wa Ellis Park: benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa spaza, kiduka cha mtaani, na birika la Salum, Mtanga anayeuza kahawa. Wa kila siku tuko wanne. Salum mwenyewe, Thierry wa Lubumbashi, tunayemwita Nusu Pasta kwa kuwa alisoma chuo cha Biblia mwaka mmoja akaacha, Herménégilde, fundi cherehani kutoka Burundi, jina lake hapa ni Kalenda kwa sababu kila kitu anakijua kwa tarehe, na mimi, mlinzi wa duka la matairi, nikitoka zamu napitia hapo. Asubuhi hiyo ya Jumatano hakuna aliyetania. Kuna karatasi ilikuwa inasukumwa chini ya milango ya mtaa mzima, mstari mmoja wa Kiingereza: wageni, mna siku kumi muwe mmeondoka. Haina jina wala sahihi.

Thierry alikuwa na Biblia mapajani.

— Kumi si namba ya bure, akasema. Ufunuo, kanisa la Smirna, waliambiwa watapata dhiki siku kumi. Walioandika hii hawajui, lakini mkono wao umeongozwa.

— Na zikiisha? nikauliza.

— Tulia, bwana. Siku ya unabii si ya saa ishirini na nne. Ezekieli alilazwa ubavu, siku moja kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo kumi ni miaka kumi. Haraka haraka haina baraka.

— Miaka kumi ya dhiki, Salum akasema. Kaka, hapo ndipo unatutuliza?

Kalenda akatikisa kichwa.

— Ni siku za kweli. Danieli na wenzake walijaribiwa siku kumi, mboga na maji tu, wakatoka na nyuso nzuri kuliko wote. Mimi tangu Jumapili sijagusa nyama.

Nikachungulia kikombe chake. Yalikuwa maji ya moto matupu.

— Mukitaka hesabu yenyewe, Thierry akaendelea, Petro anasema siku moja kwa Bwana ni kama miaka elfu. Piga mara kumi. Hapo Ellis Park patakuwa pori la kulishia mbuzi, sisi tuko tunakunywa kahawa.

— Sasa hivi tu ilikuwa miaka kumi.

— Unabii una ngazi, Salum. Mwenda pole hajikwai.

— Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hapa nina miaka kumi na miwili. Jembe lenyewe limeshaisha makali.

Kalenda alikuwa ametoa chaki yake ya kukatia nguo, anaandika kwenye ubao wa benchi.

— Nilivuka mpaka pale Musina, akasema polepole. Tangu siku ile mpaka Jumapili nilipoikuta karatasi, ni miezi arobaini na miwili kamili. Ndiyo siku elfu moja mia mbili na sitini, ukihesabu kila mwezi siku thelathini. Yule mwanamke wa Ufunuo alilishwa jangwani siku hizo hizo, hazikuzidi. Muda wangu wa kulishwa umekwisha. Cherehani nimeshaifunga kwa blanketi.

— Eish, Kalenda, nikasema.

Thierry alifunga Biblia, kidole kikabaki katikati ya kurasa.

— Mnadhani napenda hesabu hizi? Mwaka wa elfu mbili na nane nilikuwa Alexandra, walipotuvamia sisi wageni. Wale hawakutupa hata siku moja. Ndiyo maana hizi kumi nazitafutia maana.

Hapo ndipo alipokuja Murielle, msusi, anayekaa jengo la karibu na robot, taa za barabarani, na binti yake Chloé. Hupita tu, hajawahi kusimama kwetu. Mkononi alikuwa na karatasi ileile.

— Jambo zenu, ba-papa. Ninyi mnajua mambo ya siku. Hii nimeikuta leo asubuhi. Nianze kuhesabu leo?

— Yangu ilikuja Jumapili, Kalenda akasema.

— Mimi Jumatatu, akasema Thierry.

— Yangu jana, Salum.

Akaigeuza. Nyuma kweupe, tarehe hakuna.

— Basi ya kumi ni lini? Chloé ana mtihani Alhamisi ya wiki kesho. Nimpeleke, ama akae nyumbani?

Salum alianza kuhesabu kwa vidole tangu jana yake. Akafika kidole cha mwisho, akakitazama, akautia mkono mfukoni. Na mimi nilikuwa nimehesabu: kidole hicho kiliangukia Alhamisi ileile ya mtihani. Thierry alifungua Biblia, akapekua, akaifunga.

— Mama Chloé, Kalenda akasema, mtoto anatoka saa ngapi?

— Saa moja kasoro robo.

— Saa moja kasoro robo nitakuwa mlangoni kwenu. Tutampeleka wote.

— Si umesema umefunga cherehani? Thierry akamuuliza.

— Nimesema nitakuwa mlangoni.

— Basi na mimi.

Murielle alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayepima nguo isiyomtosha.

— Merci, ba-papa. Lakini ya kumi ni lini?

Alisubiri kidogo, akaikunja karatasi mara nne, akaenda kufungua saluni.